Msimu wa Bwana Bloku

Juni 2

Leo Bi Mkubwa, mwenye hoteli, alitukusanya wote kwenye ukumbi wa chakula kabla wageni hawajaamka, ili mkwe wake atufunze akili. Mkwe huyu alimwoa binti yake wa pekee, kisha akaenda nje kusomea kitu kinachoitwa blokcheni, na sasa amerudi kutuokoa. Sijui nani alimwambia tunazama. Hoteli hii hujaa kila kipupwe, tangu enzi nikiwa mfutaji meza mpaka leo ambapo ndimi mkuu wa mapokezi.

Alisimama mbele yetu na suruali iliyomkaba mapaja, mikono ikipaa hewani kama anafukuza nyuki.

"Fikirieni daftari moja," alisema, "lakini nakala zake ziko kwenye kompyuta za hoteli nyingi kwa wakati mmoja. Kila kinachoandikwa kinafungwa kwenye kilichotangulia, kama pingili za mnyororo. Hakuna wa kuchana ukurasa. Hakuna wa kufuta. Hata mimi siwezi!"

Hilo la mwisho alilisema kwa madaha, kana kwamba kushindwa kufuta ni kipaji.

Mtunza bustani akanyoosha mkono akauliza hizo bloku zitajengwa upande gani, maana huku nyuma udongo ni tifutifu, ukuta utapasuka. Tulicheka mpaka mpishi akaegemea meza. Mkwe hakucheka. Tangu hapo hana jina jingine hapa: Bwana Bloku.

Juni 3

Funguo zote zimekusanywa kwenye ndoo. Sasa mgeni atafungua mlango kwa simu yake. Nimeficha ufunguo mmoja unaofungua milango yote. Siwaamini hawa.

Juni 5

Ukungu ulishuka mpaka madirishani na mtandao ukakata. Mgeni mmoja mzee alikuwa ametoka kuoga bafu la nje, akabaki kwenye ujia na taulo kiunoni, anaupungia mlango wake simu kama anayeuaga. Bwana Bloku alikuwa kando yake, amevaa koti zito, anamweleza faida za mfumo. Mzee wa watu meno yanagongana. Nilipita katikati yao, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaondoka.

Juni 9

Wifi yangu ameanza kazi ya usafi wa vyumba. Sikupenda. Ni dada yake mume wangu, amerudi kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika, na mume wangu alinisihi nimtafutie kibarua. Nimemtafutia, na sasa namwona nyumbani na kazini pia, asubuhi mpaka jioni. Ni mzito. Akitandika kitanda utadhani anamlaza mtoto mchanga. Akiulizwa jambo, kwanza anatazama sakafu, halafu ndiyo anajibu. Nyumbani anaosha chombo kimoja mara mbili. Mtu asiyeweza kugombana na yeyote mimi humwona kama uji usio na chumvi.

Juni 14

Jipya la leo. Kila mfanyakazi amevalishwa kibandiko kifuani chenye vile viraba vyeusi. Mgeni akikielekezea simu, unafunguka ukurasa wako, naye anaandika anavyokuona. Hoteli zote zilizojiunga na mnyororo zinasoma, na kabla ya kumwajiri mtu zinafungua ukurasa wake kwanza.

"Na mgeni akiandika uongo?" nilimuuliza Bwana Bloku.

"Mgeni ana ufunguo wake wa siri, maneno kumi na mawili aliyopewa yeye peke yake. Akikosea, anaweza kuongeza sahihisho chini ya alichoandika. Yeye tu."

"Asipotaka?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa gauni kinyume.

"Mama, huu mfumo umejengwa juu ya kuaminiana."

Mtu aliyekusanya funguo zetu kwenye ndoo ananifundisha kuaminiana!

Juni 20

Wageni wanapewa sarafu za hoteli zilizo ndani ya simu, kama asante kwa kurudi. Zinanunua juisi tu. Juisi imekwisha.

Julai 1

Nitaandika yote.

Chumba namba kumi na saba alikaa mama mmoja aliyekuja na mumewe na masanduku mengi kuliko siku alizokusudia kukaa. Mkononi alivaa bangili nene ya dhahabu aliyoigonga kwenye meza yangu kila alipotaka kitu. Sisi tulimwita Mama Bangili. Asubuhi hii walikuwa wanaondoka. Gari limeshawashwa, mara nikasikia kelele juu. Nilipanda ngazi mbilimbili.

Wifi amesimama kwenye kona ya chumba, shuka mikononi. Mama Bangili amemsogelea mpaka pua karibu ziguse.

"Iko wapi? Nimeiweka hapa, juu ya hii meza! Nani mwingine ameingia humu?"

Wifi akatazama sakafu. Moyoni nikasema, Mungu wangu, si leo! Jibu, mwanamke! Macho yale chini yalikuwa yanamhukumu kabla ya mtu yeyote.

"Sijaiona, mama," alisema mwishowe.

"Umemsikia? Hata kunitazama hawezi!"

Tulipekua chumba. Tukapekua mifuko ya wifi, mbele ya watu, mpaka kitambaa chake cha kichwa kikafunguliwa kikakung'utwa. Hakuna kitu. Bi Mkubwa alikuja, akamwomba mgeni radhi, akamwomba tena, wala hakumuuliza wifi hata swali moja. Mumewe mgeni alikuwa anatazama saa. Ndipo yule mama akatoa simu, akaielekeza kwenye kifua cha wifi, akaandika huku akisoma kwa sauti ili tusikie sote: "Huyu ameiba bangili yangu ya dhahabu chumba namba kumi na saba."

Simu ikalia kengele ndogo tamu, kama ya kupongeza.

Bwana Bloku alikuwa mlangoni. Nilimgeukia. "Zuia hiyo."

"Imeshaingia," alisema. "Imeshafika kila mahali."

Wallahi, sauti yake ilikuwa na fahari. Mfumo wake umefanya kazi.

Bi Mkubwa amemwambia wifi akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Tulirudi nyumbani pamoja. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: kulikuwa na mahali fulani njiani nilimtazama kwa jicho la pembeni nikajiuliza kama kweli hakuichukua.

Julai 3

Bangili imepatikana. Mama Bangili mwenyewe aliificha ndani ya soksi ya mumewe, kwenye kiatu, kwa kuogopa wezi, akasahau. Alipiga simu mapokezi, anacheka.

"Yaani mimi na kichwa changu! Mwambieni yule dada asijali."

"Tafadhali ongeza sahihisho," nilimwambia. "Ni wewe tu unayeweza."

"Sahihisho gani tena?"

Nilimweleza. Akasema simu ile ameshampa mdogo wake, na yale maneno kumi na mawili aliyaandika kwenye karatasi ya maandazi, akaitupa.

"Lakini si nimeshawaambia kwa mdomo? Mbona mnapenda kukuza mambo?"

Akakata. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Bloku karibu nikimbie. Alinisikiliza akizungusha kiti chake kushoto na kulia.

"Kama maneno ya siri yamepotea, basi," alisema. "Ndiyo usalama wenyewe huo. Ningeweza kuingilia, mfumo usingekuwa na maana."

"Mtu ameitwa mwizi bure."

"Mfumo hauna kosa, mama. Kosa ni la binadamu."

Nimekutana na wajinga wengi nyuma ya meza ile ya mapokezi, walevi na wazima. Sijaona mjinga aliyepikwa akaiva kama huyu.

Bi Mkubwa naye amesema anafurahi bangili imepatikana. Lakini wifi asirudi kwanza, maana wageni wakifungua ukurasa wake watashtuka. "Hatuwezi kumweleza kila mgeni habari za soksi," alisema.

Julai 10

Wifi amekwenda hoteli mbili kuomba kazi. Ya kwanza, msimamizi alifungua ukurasa wake akiwa amesimama mbele yake, akasoma, akamwambia nafasi zimejaa. Ya pili hawakumwambia chochote, ila yule binti wa mapokezi aliuvuta mkoba wake kutoka juu ya meza akauweka miguuni.

Haya alituambia wakati wa kula, kwa sauti ileile ya siku zote. Mume wangu aliweka kijiko chini. Halafu wifi akaondoa vyombo, akaviosha. Mara mbili.

Julai 22

Baridi. Upepo umeng'oa bati la stoo. Bwana Bloku amepita mara tatu akilitazama, mikono mfukoni.

Julai 29

Bi Mkubwa amealika wenye hoteli za jirani ambazo bado hazijajiunga, waje kuuona mfumo, wajiunge. Bwana Bloku anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha ukumbini. Nimemwona akijipigia makofi.

Agosti 4

Leo nimefukuzwa kazi. Naandika nikiwa nimekunywa chai, nimetulia, na sijutii bado.

Walikuja wenye hoteli kama kumi hivi, wamekaa viti vya mbele, matumbo mbele yao. Ukutani palitundikwa turubai jeupe ili kila kinachoandikwa kionekane kwa ukubwa. Bwana Bloku alihutubu. Alisema utalii umekufa kwa kukosa ukweli. Alisema wageni wamechoka na sifa za kununuliwa, na hapa kila neno litadumu. Wazee wale walitikisa vichwa jinsi watu wanavyotikisa kwa jambo wasiloelewa lakini limesemwa na kijana aliyevaa vizuri.

"Sasa tuone kwa vitendo," alisema. "Mkuu wetu wa mapokezi atakuwa mgeni. Amepewa ufunguo wake wa siri asubuhi hii. Mama, njoo uandike juu yangu mimi. Andika lolote!"

Alinielekezea kifua chake chenye kibandiko. Alikuwa anatabasamu. Alitegemea nitaandika kwamba ni mchapakazi.

Niliandika polepole, herufi zikitokea ukutani moja moja: Huyu ameiba bangili yangu ya dhahabu chumba namba kumi na saba.

Kengele ndogo ikalia.

Watu wakacheka kwanza. Naye akacheka. "Mama yetu ana utani," alisema.

"Futa," nilimwambia.

"Aa, mama..."

"Nimesema futa. Hawa wageni wetu waone unavyofuta uongo."

Mzee mmoja mwenye kofia, ambaye muda wote nilidhani amelala, akainua kidevu. "Eh, kijana, futa basi tuone."

Bwana Bloku akameza mate. Akaanza kueleza habari za pingili. Yule mzee akamkatiza: "Kwa hiyo mhudumu akikosana na mgeni, au mgeni akilewa, hoteli yangu ndiyo imeandikwa hivyo mpaka wajukuu?" Wengine wakaanza kunong'onezana, viti vikakwaruza. Mmoja aliomba kofia yake, mwingine akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Bi Mkubwa hakusubiri hata wamalize kutoka.

"Vua kibandiko. Toka."

Nilivua. Niliondoka kwa mlango wa mbele, wa wageni, taratibu. Mtunza bustani alinivulia kofia.

Agosti 5

Nilidhani wifi atafurahi. Jana nilimsimulia kila kitu, na sura ya Bwana Bloku nikaiigiza, yale macho, yale mate. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Wifi alisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaenda kuanua nguo.

Asubuhi hii nilimfuata uani.

"Wifi, nimekukosea?"

Alitazama chini. Nikangoja. Nimejifunza kungoja.

"Aliiba?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo bwana. Aliiba bangili?"

"Unajua hakuiba. Ilikuwa..."

"Basi umeandika uongo juu ya mtu, ukijua ni uongo. Yule mama angalau alidhani ni kweli."

Alisema hivyo akiwa anakunja shati la kaka yake, akilinyoosha kola kwa kiganja.

"Nilikufanyia wewe!"

"Mimi sikukutuma, wifi. Siku zote hizi nilikuwa najipa moyo kwamba ndani ya nyumba hii hakuna mtu wa namna ile."

Nilikasirika nikaingia ndani. Nimekaa na hasira siku nzima, naipekua huku na huku nikitafuta mahali alipokosea. Sipaoni.

Agosti 12

Hakuna kitu.

Agosti 19

Amekuja. Bwana Bloku, hapa, nyumbani kwangu, viatu vimejaa vumbi, suruali ileile lakini haijapigwa pasi.

Kumbe kuna hoteli kubwa ya mji mwingine ilikuwa imemwita akawafungie mfumo. Walifungua ukurasa wake kabla ya kutia sahihi. Aliwaeleza ilikuwa mfano tu, wakamwambia wao hawakuwepo kwenye huo mfano, wao wanasoma kilichoandikwa. Hata mkewe, alisema, alimuuliza mezani, kwa utani, bangili ilikuwa ya nani. Siku iliyofuata akamuuliza tena, bila utani.

"Ni wewe tu unayeweza kuongeza sahihisho," aliniambia.

"Najua. Ndiyo usalama wenyewe huo."

Aliinamisha kichwa. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia hata kidogo. Nilikuwa naonja ladha yake, kama mtu anayelamba kijiko.

"Mfumo hauna kosa," niliendelea. "Kosa ni la..."

"Wifi," alinikatiza wifi yangu. Alikuwa mlangoni na gilasi ya maji kwenye sahani. Alimpa mgeni, akamsubiri anywe. Alikuwa anamhudumia mtu aliyesimama akatazama kitambaa chake cha kichwa kikikung'utwa!

"Andika," aliniambia.

"Yeye kwanza. Akamtafute yule mama, afanye anavyojua, akusafishe wewe kwanza."

"Nitamtafuta," alisema Bwana Bloku haraka. "Naapa. Nitakwenda mpaka kwake, na hoteli zote nitazizungukia niwaeleze. Kesho asubuhi."

Nilicheka. Wifi hakumtazama. Alinitazama mimi, machoni, kwa mara ya kwanza tangu aje kukaa kwetu.

"Jina lililo chini ya yale maneno ni lako," alisema. "Usingoje mtu mwingine ndipo ulisafishe."

Nilichukua simu. Yale maneno kumi na mawili ninayo, mimi sikuyaandika kwenye karatasi ya maandazi. Niliandika: Hakuiba. Nilimsingizia nikijua. Bwana Bloku aliomba niondoe "nikijua", inaleta picha mbaya. Nikamwambia atoke.

Agosti 27

Bwana Bloku hajakwenda popote. Mtunza bustani amemwona akinunua miwani ya jua. Hoteli ya mji ule imemchukua.

Nilimwambia wifi, nikidhani hapo sasa atasaga meno. "Nilijua hataenda," alisema. "Sikukwambia uandike kwa ajili yake."

Septemba 6

Joto limeanza kurudi na wageni wanapungua. Habari ya leo nimeletewa na mpishi, aliyekuja mbio hata aproni hajavua.

Kuna mgeni aliandika juu ya Bi Mkubwa. Si juu ya mhudumu wala juu ya mpishi. Juu yake mwenyewe, kwenye ukurasa wa hoteli nzima: kwamba mwenye hoteli ana dharau, na kwamba supu yake ni maji ya kunawia yaliyotiwa karoti. Bi Mkubwa alimpigia mkwewe aifute. Mkwe akaanza habari za pingili. Mpishi anasema mama yule alipiga kelele mpaka ndege wakaruka paani: "Mimi? Mimi niandikwe hivi milele?"

Kufika adhuhuri mfumo umezimwa. Vibandiko vyote vimetiwa pipani, hoteli za jirani zilizojiunga zimeambiwa zijitoe, ndoo ya funguo imerudishwa mezani. Maneno bado yapo huko yaliko, lakini huku kwetu hakuna tena anayeyafungua.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mwanamke alivuliwa kitambaa mbele za watu, akanyimwa kazi milango miwili, tukaambiwa haiwezekani. Ikaguswa supu, ikawezekana kabla ya chakula cha mchana.

Septemba 8

Bi Mkubwa amemtuma mtunza bustani: wifi arudi kazini kesho, yaliyopita yamepita. Mimi sikutajwa.

"Mwambie aje aseme mwenyewe," wifi alimjibu, "mbele ya wale walioniona nikipekuliwa."

Mtunza bustani alikuna kichwa. "Dada, hayo maneno niyapeleke hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Septemba 11

Wifi aliitwa, na aliniomba nimsindikize. Nilisimama nje ya dirisha la chumba cha kufulia kwa sababu ndani siruhusiwi.

Wote walikuwepo: wahudumu wa vyumba, mpishi, mtunza bustani, madobi. Bi Mkubwa aliingia na viatu vyake vya kisigino, sakafu ina maji ya sabuni, akawa anatembea kama anayevuka kijito. Alisimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Kulikuwa na kutoelewana," alianza.

Wifi alimtazama. Hakutazama sakafu.

Bi Mkubwa akakohoa. "Tulimdhania vibaya huyu dada. Hakuchukua kitu. Tulikosea." Alisema kwa sauti ya mtu anayenong'ona na kola yake.

"Wa nyuma hawajasikia," wifi alisema, kwa upole uleule ambao kwa miezi nimeuita uji.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shuka. Niliona shingo ya Bi Mkubwa ikitutumka mishipa, nikasubiri amfukuze.

"Hakuiba!" Bi Mkubwa alisema, kwa nguvu mpaka nje. "Nilimkosea. Mimi."

Mpishi alianza kupiga makofi, akajizuia.

"Asante, mama," wifi alisema. Akafungua mkoba wake, akatoa aproni ya hoteli, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe. Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nimepata kazi hospitali, kwenye ufuaji. Naanza keshokutwa. Nilitaka tu niondoke hapa nikiwa nimesemwa vizuri."

Bi Mkubwa alibaki ameishika aproni, hajui aiweke wapi, pande zote pana maji.

Wifi alitoka, akanikuta dirishani. Tulitembea. Huko hospitali, aliniambia, wanatafuta pia mtu wa mapokezi, mwenye sauti ya kutuliza watu wenye wasiwasi.

"Nimewaambia sina uhakika kama unayo," alisema, "lakini nitakufundisha."